Kutafuta miji iliyopotea kwa hesabu: punda wa Ashuru na kanuni ya mvutano

Leo naweka kando PHP, Linux na mambo ya simu. Nataka tuzungumze historia, lakini msinikimbie, maana hii ni historia yenye data, na data ndiyo inayonilisha. Swali lenyewe ni hili: mbinu ambazo wanauchumi wanatumia kupima biashara kati ya Kenya na Uganda, je, zinaweza kutumika kwa watu walioishi miaka karibu elfu nne iliyopita? Na zikitumika, tuyaamini majibu yake?

Nitatumia mfano mmoja tu ambao nimekuwa nikiusoma kwa muda, halafu mwishoni nitarudi hapa kwetu pwani, kwa sababu na sisi tuna mji uliopotea. Wengi wetu tulipita nao haraka haraka shuleni, tukajibu mtihani, tukausahau.

Watu wenyewe ni akina nani?

Mji wa Ashuru (Assur) ulikuwa kando ya mto Tigris, ule ambao Biblia inauita Hidekeli, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Iraq. Haukuwa na madini wala mashamba makubwa. Ulichokuwa nacho ni wafanyabiashara. Kuanzia karne ya 20 KK wafanyabiashara hao walikuwa wakisafirisha bati (namaanisha madini yenyewe, si mabati ya kuezekea) pamoja na vitambaa vya sufu hadi Anatolia, yaani Uturuki ya leo. Safari ilikuwa kilomita kama 1,000 na ilichukua wiki sita hivi kwa punda. Bati lilihitajika sana, kwa sababu ukilichanganya na shaba nyekundu unapata shaba nyeusi, ambayo ndiyo iliyokuwa chuma cha zama zile. Kurudi walileta fedha na dhahabu.

Kituo chao kikuu kule Anatolia kiliitwa Kanesh. Leo mahali hapo panaitwa Kültepe, karibu na mji wa Kayseri. Mwaka 1925 mtaalamu Bedřich Hrozný aligundua kwamba vibao vya udongo vilivyokuwa vikiuzwa sokoni vilitoka katika mtaa wa chini wa mji huo, mtaa waliokoishi wafanyabiashara. Kuanzia 1948 wachimbaji wa Kituruki wakiongozwa na Tahsin Özgüç waliendelea na kazi kwa miongo mingi. Hadi sasa vimepatikana vibao zaidi ya 20,000 vyenye maandishi ya kabari, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Sasa sikilizeni jambo la kufurahisha kwa sisi watu wa kompyuta. Vibao vingi ni vya kizazi kimoja au viwili tu, takriban miaka ya 1895 hadi 1865 KK, na mtaa ule baadaye uliteketea kwa moto. Moto unaoua seva yako na nakala zake zote ndio huohuo uliosaidia kuhifadhi nakala za hawa jamaa, kwa sababu udongo ukichomwa unakuwa mgumu zaidi!

Vimeandikwa nini? Hakuna mashairi ya kusifu wafalme. Ni barua, mikataba ya mikopo, risiti, malalamiko, hesabu za mizigo na kesi. Mke aliyebaki Ashuru anamwandikia mume kuhusu vitambaa alivyofuma na fedha anayosubiri. Mmoja wao, Lamassi mke wa Pushu-ken, anajulikana sana kwa wasomi kutokana na barua zake. Matajiri wanachanga mtaji mmoja uitwao narukkum, maana yake mfuko, anapewa mfanyabiashara auzungushe kwa miaka mingi kisha faida igawanywe. Mkenya yeyote akisikia hivyo atasema: hicho ni chama! Naam, tofauti ni kwamba chama chao kilihesabu dhahabu.

Hesabu ya punda mmoja

Tufanye hesabu kidogo ili muone kwa nini walikubali kutembea wiki sita. Vipimo vyao mnavijua kutoka kwa Biblia: talanta moja ni mina 60, mina moja ni shekeli 60. Shekeli ilikuwa na uzito wa gramu 8 na kidogo.

Punda mmoja alibeba bati mina kama 130, ambazo ni kilo 65 hivi, pamoja na vitambaa vichache juu. Mina 130 ni shekeli 7,800 za bati. Kule Ashuru shekeli moja ya fedha ilinunua shekeli kama 14 za bati. Kwa hiyo mzigo uligharimu shekeli 557 za fedha. Kule Kanesh shekeli moja ya fedha ilinunua shekeli kama 7 tu. Kwa hiyo mzigo uleule uliuzwa shekeli 1,114. Toa ushuru wa ikulu, uliokuwa sehemu 2 kati ya 65 za bati, yaani kama shekeli 34 za fedha. Toa bei ya punda, tuseme shekeli 20. Inabaki karibu 503, kabla hujawalipa wachungaji wa punda na kabla ya gharama za njiani. Hiyo ni faida kubwa sana, na ndiyo sababu mtu angethubutu kukopa kwa riba ya asilimia 30 kwa mwaka, ambayo ndiyo ilikuwa riba ya kawaida kati ya Waashuru wenyewe.

Bila shaka bei hizo hazikukaa palepale. Barua zao zimejaa habari za bei kushuka, bati kuadimika, wadeni kutoroka. Hapa ndipo ugomvi wa wasomi ulipoanzia.

Ugomvi wa Polanyi

Mwaka 1957 mwanauchumi Karl Polanyi alidai kwamba biashara hii ya Ashuru haikuwa ya soko hata kidogo. Alisema bei zilipangwa kwa mikataba, wafanyabiashara walikuwa kama maofisa, na hasara ya bei haikuwepo. Nyuma ya dai hilo kuna wazo kubwa zaidi: kwamba soko ni jambo la juzi tu, na kumpima mtu wa kale kwa kanuni za uchumi wa leo ni kumvisha suti asiyoijua.

Wazo hilo si la kudharau. Kuna hatari kweli ya kudhani kila mtu aliyewahi kuishi alifikiri kama dalali wa Nairobi. Lakini Polanyi aliandika wakati vibao vingi havijasomwa. Mwaka 1972 msomi wa Kiholanzi, Klaas Veenhof, alichapisha uchunguzi wake mrefu wa maneno yaliyo kwenye vibao vyenyewe, na picha iliyotoka ilikuwa tofauti: soko lipo, bei zinapanda na kushuka, faida na hasara zina majina yao. Angalieni basi kilichomaliza ubishi. Hakikuwa nadharia nyingine, bali kukaa chini na kusoma data. Kwangu hilo ndilo funzo la kwanza.

Sasa kanuni ya mvutano

Newton alisema vitu viwili huvutana kulingana na uzito wake, na mvutano hupungua kadiri vinavyokuwa mbali. Mwaka 1962 Jan Tinbergen, aliyekuja kupata tuzo ya kwanza ya Nobel ya uchumi mwaka 1969 pamoja na Ragnar Frisch, alionyesha kwamba biashara kati ya nchi inafuata mtindo kama huo. Nchi kubwa zinafanya biashara zaidi, zilizo mbali zinafanya kidogo. Ni kanuni rahisi, na imekuwa ikifaulu tena na tena kwa data za siku zetu.

Mwaka 2019 watafiti wanne, Gojko Barjamovic ambaye ni msomi wa Ashuru, pamoja na wanauchumi Thomas Chaney, Kerem Coşar na Ali Hortaçsu, walichapisha kazi ambayo iligeuza kanuni hiyo juu chini. Kwa kawaida unajua miji iko wapi na unatabiri biashara. Wao walikuwa na biashara, wakatabiri miji iko wapi!

Tatizo lao lilikuwa hivi. Vibao vinataja miji mingi ya Anatolia. Kama 15 hivi tunajua ilipo. Lakini kumi hivi imepotea: jina lipo, magofu hayajulikani. Miongoni mwake ni Durhumit, uliokuwa soko kubwa la shaba, na Purushaddum, uliokuwa mbali upande wa magharibi. Walipitia maelfu ya vibao vilivyoingizwa kwenye kompyuta, wakachambua vile vinavyosema mzigo au mfanyabiashara fulani alitoka mji huu akaenda mji ule, wakahesabu safari. Ni mamia tu ya safari, si mamilioni.

Nieleze kwa mfano wa nyumbani. Tuseme Kenya yote imezikwa, na wewe umepata maboksi ya risiti za malori. Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret unajua zilipo. Kuna mji unaitwa Nakuru ambao hujui ulipo. Risiti zinaonyesha malori mengi ya Nakuru na Nairobi, mengi ya Nakuru na Eldoret, mengi ya Nakuru na Kisumu, machache ya Nakuru na Mombasa. Kabla ya kugusa kompyuta tayari unaanza kuchora: uko magharibi ya Nairobi, kabla ya Eldoret na Kisumu. Ni kama kampuni ya simu inavyoweza kukadiria simu iko wapi kwa kuangalia nguvu ya mawimbi kwenye minara mitatu.

Lakini kuna mtego. Mombasa na Nairobi zina malori mengi ingawa ziko mbali, kwa sababu zote ni kubwa na kuna bandari. Kwa hiyo wingi wa safari unaweza kumaanisha ukaribu au ukubwa. Inabidi utafute vyote viwili kwa pamoja. Programu inafanya hivi:

1. Inaweka kila mji uliopotea mahali fulani kwenye ramani, kwa kubahatisha.
2. Inaupa kila mji ukubwa fulani.
3. Inahesabu: kama hivi ndivyo ilivyokuwa, ningetarajia sehemu gani ya safari kati ya mji A na mji B?
4. Inalinganisha na kilicho kwenye vibao, inapima kosa.
5. Inasogeza miji na kubadilisha ukubwa mpaka kosa lipungue kadiri inavyowezekana.

Wenzangu wa programu mnaona kwamba hakuna uchawi hapo. Ni utafutaji wa kawaida wa thamani ndogo kabisa ya kosa. Uzuri wake ni kwamba mwishoni hupati nukta peke yake, unapata nukta pamoja na duara la shaka kuizunguka. Mahali pengine duara ni dogo, mahali pengine ni kubwa. Mwanahistoria anayesema "nadhani mji ulikuwa pale" mara nyingi hawezi kukuambia anadhani kwa kiasi gani.

Je, ilifaulu?

Jaribio ninalolipenda zaidi ni lile la kujipima. Unauchukua mji unaojulikana ulipo, unaiambia programu "jifanye hujui", kisha unaangalia itauweka wapi. Mtu yeyote aliyewahi kupima programu yake kwa data aliyoificha anajua kwamba huu ndio uungwana wa kazi.

Kwa miji iliyopotea, walilinganisha majibu na mapendekezo ya wanahistoria, hasa Massimo Forlanini na Barjamovic mwenyewe, waliofanya kazi kwa njia ya kawaida: kusoma majina, mito, milima, na nani alilala wapi safarini. Katika miji mingi kompyuta na wasomi walielekeza sehemu zinazokaribiana. Katika mingine wasomi hawakubaliani, na hesabu iliegemea upande mmoja.

Matokeo mengine mawili yalinishangaza. La kwanza, kasi ya biashara kupungua kadiri umbali unavyoongezeka ilikuwa karibu na ile inayopimwa leo. Leo tuna malori, meli na benki, wao walikuwa na punda na mifuko ya ngozi, lakini umbali uliwauma karibu kwa kiwango kilekile. La pili, ukubwa wa miji waliokadiria ulihusiana na mahali njia za asili zinapokutana, na pia na ukubwa wa miji iliyopo leo katika maeneo hayohayo. Milima ilishaamua mengi kabla ya serikali yoyote kuanza kupanga.

Pia walisema miji ile ilionekana kufuata kanuni ya Zipf, yaani mji wa pili ni nusu ya wa kwanza, wa tatu ni theluthi, na kuendelea. Hapa mimi ni mgumu kidogo kushawishika. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi na 1,208,333 Mombasa. Hiyo si nusu, ni robo na kidogo. Kanuni ikikataa nyumbani kwangu mwishoni mwa orodha, siwezi kuilaumu, lakini ikikataa kwa mji wa kwanza na wa pili, nitaichukua kama kielelezo tu.

Mashimo yaliyo kwenye data

Kuna mambo mawili ambayo hakuna hesabu itakayoyaponya.

Kwanza, karibu vibao vyote vimetoka katika nyumba za mtaa mmoja wa Kanesh. Ni kama kuandika uchumi wa Afrika Mashariki kwa kutumia madaftari ya Eastleigh peke yake. Utajua mengi sana kuhusu Eastleigh na wanaofanya biashara nayo. Wakulima wa Anatolia ambao hawakuandika kibao hata kimoja hawamo. Watu wa miji iliyofanya biashara yao kando, bila Waashuru, hawamo.

Pili, kuna njia za panya. Ndiyo, hata wao walikuwa nazo! Barua zinazungumzia njia nyembamba ya kukwepa ushuru. Pushu-ken huyohuyo tuliyemtaja alifungwa na ikulu kwa sababu ya mali ya magendo aliyotumiwa ikanaswa. Sasa mtu anayepitisha magendo ana sababu nzuri ya kutoandika alipita wapi. Data inakosekana hapo kwa kusudi, na data iliyokosekana kwa kusudi ni mbaya kuliko iliyopotea kwa bahati mbaya.

Kuna pia suala la uchache. Peter Temin, aliyeandika sana kuhusu uchumi wa Roma, alionyesha kwamba bei ya ngano ilikuwa chini kadiri ulivyokuwa mbali na Roma, kama soko moja lingetarajiwa kuwa. Lakini alitumia bei za sehemu sita tu. Sita! Mstari wowote unaweza kupita katikati ya nukta sita ukiubembeleza. Linganisheni na Babeli, ambako waandishi wa nyota waliandika kwa karne kadhaa, pamoja na habari za mbingu, kiasi cha shayiri, tende, ufuta, sufu na bidhaa nyingine mbili ambacho shekeli moja ingenunua. Huko unaona bei zikiruka baada ya Aleksanda Mkuu kufa mwaka 323 KK na majenerali wake kuanza kupigana. Hapo kuna data ya kutosha kukupinga ukikosea, na data isiyoweza kukupinga haiwezi kukuunga mkono pia.

Na Rhapta yetu?

Nilisema na sisi tuna mji uliopotea. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki aliacha kitabu cha mwongozo wa bahari, Periplus. Anasema soko la mwisho kabisa la pwani ya Azania ni Rhapta, mwendo wa siku mbili kwa chombo kutoka kisiwa cha Menouthias, na kwamba jina lake lilitokana na vyombo vya kushonwa. Mtu wa Lamu akisikia vyombo vya kushonwa anakumbuka mtepe. Anasema pembe za ndovu zilikuwa nyingi, na manahodha Waarabu waliokuja walioa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Mji wenyewe? Wengine wanautafuta Pangani, wengine karibu na Dar es Salaam, wengine kwenye delta ya Rufiji au Mafia.

Basi tuchukue programu yetu tuutafute! Haitawezekana. Tuna umbali mmoja tu, kutoka kisiwa ambacho chenyewe kinabishaniwa: ni Unguja, Pemba au Mafia? Ni mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana vingi. Kompyuta itakupa jibu, maana kompyuta haikatai kazi, lakini jibu hilo litakuwa ni mawazo yako uliyoyaingiza yakikurudia yamevaa desimali.

Hiyo haimaanishi pwani yetu haihesabiki. Biashara huacha alama nyingine: vigae vya vyungu, shanga za vioo, sarafu kama ile ya Kilwa iliyookotwa Great Zimbabwe. Mtu akihesabu kwa uangalifu vigae kutoka Shanga, Manda, Kilwa na kwingineko, aina kwa aina, na kuviweka mahali ambapo mwingine anaweza kuvipakua, siku moja kijana wa Kilifi au Tanga ataweza kufanya kwa majahazi yale ambayo wengine wamefanya kwa punda. Kazi ngumu si programu. Programu yenyewe unaandika kwa wiki moja. Kazi ngumu ni ile jedwali.

Kwa hiyo nikikutana na mtu anayeleta hesabu za zama za kale, ninamuuliza maswali matatu: data yako ilitoka nyumba ngapi? Nani hakuandika, na kwa nini? Na je, ulificha kitu unachokijua ukaona kama mbinu yako itakipata? Akiwa na majibu, namsikiliza hata kama jambo lilitokea miaka elfu nne iliyopita.

Na ombi dogo: kama babu alikuwa na duka na madaftari yake yapo juu ya kabati, yale ya nani alikopa sukari kilo ngapi na lori lilitoka wapi, msiyachome. Yapigeni picha. Wale jamaa wa Kanesh hawakujua kwamba wanaandika historia. Walikuwa wanadai pesa zao tu.